Sonona, si Unyogovu

Hakuna tafsiri inayomdhulumu mgonjwa wa viungo katika vipeperushi vya afya kuliko ile inayoyaita maradhi ya huzuni nzito isiyokoma kwa jina la unyogovu, neno ambalo masikioni mwa wasemaji wengi lina ujirani na uvivu na ulegevu. Mama wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambaye gegedu za magoti yake, yaani zile tishu laini zinazozuia mifupa isikwaruzane, zimesagika hata akaswali kitini, hakuliacha soko kwa uvivu. Na anayemwambia kuwa ana unyogovu amemhukumu kabla ya kumtibu.

Istilahi inayostahili ni sonona, na kwa hali inayoandamana na maumivu ya viungo, sonona ya viungo. Kitenzi sonona hutaja maumivu makali ya mwili, ilhali sononeka na masononeko yamehamia moyoni, kiasi kwamba shina moja linabeba maumivu yote mawili bila kulazimishwa. Huenda wapo watakaolikwepa neno hili kwa hofu kwamba linakumbusha kisonono, maradhi ya zinaa. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa kisonono nacho kilipewa jina kwa sababu ya maumivu yake, na lugha haitupi shina zima kwa aibu ya tawi moja.

Tena, ushahidi wa uhusiano wa maumivu hayo mawili umo katika jina la kale la maradhi ya viungo, baridi yabisi, ambalo maneno yake yote mawili yametoka katika Kiarabu, la pili likiwa na maana ya kukauka. Katika tiba ya Wayunani, iliyopangwa upya na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, mwili ulidhaniwa kuongozwa na majimaji manne, na Kiswahili kingali na balghamu na safura kutoka elimu hiyo. Jimaji la nne, sauda au nyongo nyeusi, lilielezwa kuwa baridi na yabisi, na ndilo lililosingiziwa huzuni ya kupindukia. Nadharia hiyo imekufa, na hakuna anayedai kuwa nyongo nyeusi huumiza magoti. Lakini jina lililobaki linaonyesha kwamba wahenga wa tiba hawakuutenga ubaridi wa viungo na ubaridi wa moyo, jambo ambalo watunga istilahi wa leo, kwa haraka yao, wamelisahau.

Sayansi ya sasa imeurudisha uhusiano huo kwa njia nyingine: takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa viungo vilivyosagika ana dalili za sonona, maumivu ya usiku hukata usingizi, na dawa ya duloxetine hutumika kwa sonona na kwa maumivu sugu ya goti pia, kwa sababu serotonini na noradrenalini, kemikali za neva inazoziongeza, hushughulika na yote mawili. Kwa mgonjwa wa Bujumbura, Kirundi kina neno akabonge, huzuni inayomtenga mtu na wenzake, na mhudumu wa afya anaweza kuanzia hapo.

Katika matumizi, inatosha kuanza kwa kuuliza iwapo kwa wiki mbili mgonjwa amesononeka au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda. Wahariri wa vipeperushi vya Bujumbura na walifute neno unyogovu, waandike sonona.