Kwa nini uzi wa tatu unapiga kelele? Historia fupi ya pikapu za gitaa

Chukua gitaa la umeme la mtindo wa Stratocaster, lile lenye pikapu tatu. (Hapa pikapu siyo gari la kubebea mizigo. Ni kile kipande chenye sumaku kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa mlio wake.) Piga nyuzi zote sita, mmoja mmoja, kwa nguvu ileile. Kwenye magitaa mengi ya aina hii utasikia uzi wa tatu, yaani G, unawazidi wenzake, na wa pili, B, unajificha. Mpigaji anaambiwa mkono wake ni mzito, au gitaa lake ni bovu. Wapo wanaoliuza kabisa. Kumbe chanzo kinaweza kuwa uamuzi uliofanyika California mwaka 1954, na wakati ule ulikuwa uamuzi sahihi.

Tuanze na fizikia kidogo. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku ukibadilika ndani ya koili ya waya, umeme huzaliwa kwenye waya huo. Pikapu inafanya hivyohivyo. Ndani yake kuna sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ulio juu yake nao unageuka kuwa sumaku ndogo. Ukitikisika, uga unatikisika nao, na koili inatoa umeme kidogo unaokwenda kwenye amplifaya. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme husikii kitu.

Shika jambo moja hapo, maana ndilo litakalotufikisha mwisho: pikapu haina sikio. Inachohisi ni chuma kinachosogea. Chuma kikiwa kingi zaidi, kikiwa karibu zaidi, au kikitikisika kwa upana zaidi, umeme unaongezeka.

Wa kwanza kuligeuza wazo hili kuwa gitaa la kuuza walikuwa George Beauchamp na Adolph Rickenbacker wa Los Angeles. Mwaka 1932 walianza kutengeneza gitaa la alumini la kulaza mapajani, ambalo watu walilibandika jina la kikaango kwa umbo lake. Hataza yake ilitoka mwaka 1937. Wakati huo shida kubwa ilikuwa kusikika tu mbele ya bendi yenye tarumbeta na ngoma. Nani angehangaika na uzi mmoja kuuzidi mwingine?

Haikuchukua muda. Mwaka 1936 Gibson walitoa gitaa la ES-150, ambalo Charlie Christian alilipatia umaarufu katika muziki wa jazz. Pikapu yake ilikuwa na bamba moja la chuma lililonyooka chini ya nyuzi zote. Nyuzi zote zilipata nafasi sawa, lakini sauti hazikuwa sawa: B ilizidi. Kwa nini B? Angalia nyuzi za siku zile. E nyembamba na B zilikuwa chuma kitupu. Kuanzia G kwenda chini, kila uzi ulikuwa na kiini chembamba cha chuma kilichozungushiwa waya wa madini mengine. Nikeli, kwa mfano, huitikia sumaku, ila si kwa nguvu ya chuma. Kwa hiyo B ndio ulikuwa uzi mnene kuliko yote iliyokuwa chuma kitupu. Dawa ya Gibson ilikuwa rahisi tu: matoleo ya baadaye ya bamba lile yalikatwa pengo chini ya B, ili chuma kisogee mbali na uzi huo.

Mwaka 1946 Gibson hao hao walileta pikapu ya P-90, yenye skrubu sita, moja kwa kila uzi. Ukitaka uzi upungue, unaizamisha skrubu yake. Ukitaka uongezeke, unaipandisha. Yaani uamuzi aliachiwa mpigaji na bisibisi yake.

Leo Fender alipita njia nyingine. Katika Stratocaster ya mwaka 1954, zile nguzo sita unazoziona juu ya pikapu zilikuwa sumaku zenyewe, zimekazwa pale pale kiwandani. Hazikuwa na skrubu, bali zilipewa vimo tofauti tangu mwanzo: ya G ikawekwa juu, ya B ikazamishwa sana. Kwa nyuzi za mwaka 1954 hesabu ilikubali. G ilikuwa ya kuzungushiwa, inahitaji msaada. B ilikuwa chuma kitupu, inahitaji kutulizwa.

Halafu nyuzi zikabadilika. Vijana wa rock'n'roll walitaka kuuvuta uzi kwa kidole mpaka noti ipande, na G nene ya kuzungushiwa haikubali hilo kirahisi. Wengine walianza kuchanganya na nyuzi za banjo. Mwaka 1962 Ernie Ball, mwenye duka la magitaa California, alianza kuuza seti nyepesi aliyoiita Slinky, na aina hiyo ya seti ikaenea duniani. Humo G ni chuma kitupu chenye unene wa inchi 0.017, na B ni 0.013. Piga hesabu ya eneo la mkato: G ina chuma takribani mara 1.7 ya B. Sasa mnene kuliko wote katika zile za chuma kitupu ni G, na chini yake imesimama nguzo iliyoinuliwa kuusaidia uzi ambao haupo tena!

Fender wenyewe walisawazisha vimo vya nguzo katikati ya miaka ya 1970. Lakini soko lilipoanza kupenda vya zamani, nguzo zenye vimo tofauti zilirudi, kwenye matoleo mapya ya miundo ya kale na kwenye nakala za viwanda vingine. Kimo kikanakiliwa, sababu ya kimo ikaachwa.

Hali kama hiyo unaipata pia kwenye rumba ya Kongo. Katika mtindo wa mi-composé, uzi wa nne wa kuzungushiwa unatolewa, unawekwa mwembamba unaopandishwa oktava nzima. Nguzo ya nne haina habari.

Basi, kabla hujauza gitaa lako, chukua bisibisi na rula. Bonyeza uzi kwenye kituo cha mwisho cha shingo, kisha pima nafasi kati ya uzi na nguzo. Milimita 2 hadi 3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Pikapu ya karibu na daraja isogeze juu kidogo kuliko ile ya shingoni, kwa kuwa karibu na daraja uzi unatikisika kwa upana mdogo. Upande wa nyuzi nene ushushe kidogo kuliko upande wa nyembamba. Usiikaribishe mno: sumaku itauvuta uzi, mlio utakufa haraka na noti zitayumba hata kama umetyuni vizuri. Kisha sikiliza kwa amplifaya isiyo na madoido.

Kama pikapu yako ina skrubu, malizia kwa kuzamisha ile ya G. Kama ina nguzo zilizokazwa, usizigonge wala kuzisukuma. Kwenye pikapu nyingi za namna hiyo waya wa shaba umezungushwa juu ya sumaku zenyewe, na ukikatika, pikapu imekufa. Hapo utashusha pikapu nzima kidogo, au utaweka pikapu yenye nguzo za kimo kimoja, au utarudi kwenye G ya kuzungushiwa.

Na ukienda dukani kununua pikapu, muuzaji akikusifia kwamba imenakiliwa kutoka ile ya 1954 bila kukosea hata milimita, muulize swali moja: ilipimwa kwa nyuzi zipi?