Shukrani ya Watu wa Rabai

  Neno letu la leo ni shukrani.

Tukilisikia neno hilo, mara nyingi twafikiria kinywa. Twafikiria ushuhuda unaotolewa kanisani, bahasha ya sadaka ya shukrani, kuku na ndizi zinazonadiwa nje ya kanisa siku ya mavuno. Mambo hayo ni mema wala hatuyadharau. Katika Luka 17 watu kumi walitakaswa ukoma, na mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria. Bwana Yesu aliuliza habari za wale tisa. Basi kinywa kina kazi yake.

Lakini fungueni pia Kumbukumbu la Torati. Katika sura ya 24 Musa awaagiza Waisraeli kwamba mtu akisahau mganda shambani asirudi kuuchukua. Huo ni wa mgeni, na yatima, na mjane. Sababu yake ni nini? Ni kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri, na Mungu akawatoa. Katika sura ya 15 aagiza kwamba anayemwacha mtumwa huru asimtoe mikono mitupu, bali ampe katika kondoo zake na nafaka yake na divai yake, na sababu ni ile ile. Na katika sura ya 23, aya ya 15 na ya 16, kuna agizo ambalo hatulisikii sana mimbarani: mtumwa aliyemkimbia bwana wake asirudishwe kwa bwana wake. Na akae mahali apendapo, wala asionewe.

Angalieni jinsi deni hili linavyolipwa. Aliyekomboa ni Mungu, lakini anayepokea malipo ni mtu mwingine kabisa, tena huenda ni mtu usiyemjua, amesimama mlangoni usiku na hana kitu.

Agizo hilo lilitimizwa hapa hapa kwetu Kenya, katika kilima cha Rabai, safari fupi tu kutoka Mombasa. Watoto wetu shuleni hufundishwa habari za Rabai kwa ajili ya Dakta Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine mwaka huo huo, na kwa ajili ya Rebmann aliyeungana naye mwaka 1846. Ni haki wafundishwe. Rebmann alikaa pwani miaka 29, akaondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Lakini leo twataka kuzungumza juu ya watu waliokuja baadaye, ambao majina yao hayatajwi sana.

Mwaka 1864 walifika Rabai vijana wawili pamoja na wake zao. Mmoja aliitwa William Jones, na mwenzake Ishmael Semler. Walikuwa Waafrika. Walikamatwa wangali wadogo, wakauzwa, wakatiwa katika majahazi, na manowari za Waingereza zikawaokoa baharini na kuwapeleka Bombay. Huko Bara Hindi, karibu na Nasik, Chama cha Misheni cha CMS kilikuwa na makao ya watoto wa namna hiyo. Walifundishwa kusoma na kuandika, na kazi za mikono. Jones alikuwa mhunzi. Watu wa jinsi yao waliitwa Waafrika wa Bombay. Walirudi Afrika lakini si kwao. Mtoto aliyechukuliwa mdogo atakumbukaje njia ya kurudi kijijini kwao?

Mwaka 1873 Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 CMS walianzisha Freretown katika nchi ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wapate mahali pa kuwaweka waliotolewa majahazini. Kengele ikatundikwa kuwaonya watu wakati wa hatari. Abiria wanaoshuka leo Kengeleni hulitaja jina la kengele hiyo kila siku, hata wasioijua habari yake.

Hapa yatupasa kueleza jambo moja, maana bila hilo habari yote haieleweki. Mtu aliyetolewa katika jahazi alikuwa huru kwa sheria, kwa kuwa biashara ile ilikuwa imepigwa marufuku. Lakini utumwa wenyewe haukuwa umepigwa marufuku. Mtu aliyekuwa akilima katika mashamba ya nafaka na minazi ya Malindi, au Takaungu, au Mombasa, alikuwa bado mali halali ya bwana wake. Akikimbia aliitwa mtoro, na mwenyewe alikuwa na haki ya kumdai. Kwa hiyo wawili wangeweza kukaa katika benchi moja kanisani, wote walionunuliwa sokoni, mmoja ana ulinzi wa serikali ya Uingereza na mwenzake hana hata kidogo.

Nao watoro walikuja. Walipita porini usiku wakafika Rabai kwa sababu walikuwa wamesikia. Wengine walikwenda Fuladoyo, huko ndani katika nchi ya Wagiriama, ambako Wakristo wa Kigiriama walikuwa wakiwapokea. Mwaka 1883 kiongozi wa Fuladoyo, David Koi, alikamatwa akauawa, na wengi humhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa katika nchi hii. Freretown nayo ilitishiwa kushambuliwa mwaka 1880. Wakuu wa misheni waliogopa, na hatuwalaumu haraka, maana walikuwa na mamia ya watu chini yao na bunduki chache. Balozi wa Uingereza huko Unguja aliwaonya wasipokee mali za watu. Wakaahidi kwamba watoro hawatapokelewa tena.

Pale Rabai watu waliendelea kupokelewa.

Jones ndiye aliyekuwa mchungaji wao kwa kazi, hata kabla ya kuwekewa mikono. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimfanya yeye na Semler kuwa mashemasi, na mwezi Julai wa mwaka huo akamchukua Jones katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya nchi ya Wamasai. Walipofika kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias siku hizi, Askofu alimwacha Jones na wapagazi walio wengi, akatangulia na watu 50. Tarehe 29 Oktoba aliuawa katika nchi ya Busoga, yeye na karibu wote aliokwenda nao. Jones alikaa kwa Sundu akingoja. Wachache walionusurika wakaleta habari. Ndipo akawageuza wapagazi wale, akawaongoza njia yote ile ndefu kurudi pwani, akafika Rabai mwezi Februari 1886. Mbele ya msafara ilichukuliwa bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Mtalikuta neno hilo katika 1 Samweli 4, mama yule alipomwita mtoto wake jina la kwamba utukufu umeondoka katika Israeli.

Twadhani mtu aliyebeba neno kama hilo miezi mizima angekuwa na haki ya kufunga mlango wake na kupumzika. Jones alirudi kwenye usharika wake, na watoro wakazidi kuja. Walipewa mahali pa kujenga. Walifyeka pori wakapanda chakula, watoto wakaingia shule, na wakubwa wakaandikwa katika darasa la ubatizo. Hapana mtu aliyewatungia mpango wala kuwaletea fedha kutoka ng'ambo kwa kazi hiyo. Ilikuwa ni unga wa watu maskini ukigawanywa mara mbili.

Nani aliyegawa? Waliogawa, wengi wao, walikuwa watu waliokombolewa jana. Mama aliyetolewa jahazini mwaka 1875 aliijua njaa ya mtu aliyelala porini siku tatu. Hakuhitaji kuhubiriwa Kumbukumbu la Torati 24. Alihitaji tu kuikumbuka Misri yake, nayo ilikuwa karibu.

Wengine watauliza kama ilikuwa haki kuwapokea watu kimya kimya wakati wakubwa wao walikuwa wameahidi vingine. Ni swali zuri, na wanatheolojia na walishughulikie. Sisi twakumbuka tu kwamba Rahabu aliyeficha wapelelezi ametajwa kwa sifa katika Waebrania 11.

Wala tusifikiri kwamba vijiji vile vilikuwa paradiso. Mwaka 1881 ilichunguzwa habari ya Freretown, ikaonekana kwamba watu waliokombolewa walikuwa wakipigwa viboko kwa amri ya msimamizi wao wa misheni. Twalitaja jambo hili kwa huzuni. Mtu aweza kuimba juu ya uhuru asubuhi na kushika kiboko mchana, na Kanisa lisikie nyimbo tu.

Siri ya Rabai ilifunuliwa mwaka 1888. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa kutawala pwani ilikuwa imeingia, na wakili wake, George Mackenzie, akakuta wenye watumwa wamekasirika sana. Walidai watu wao. Hesabu ikafanywa katika vituo vya misheni, na hata wamisionari wenyewe walishangaa kuona mamia ya watoro Rabai, wengi wakiwa na nyumba, wake, waume, watoto na majina ya ubatizo. Sasa wangefanywa nini? Kuwarudisha kungekuwa mauaji ya namna fulani, na kuwakatalia wenyewe kungeweza kuleta vita. Mackenzie akaamua kulipa. Kampuni, serikali ya Uingereza, CMS, na marafiki wa misheni walichanga karibu pauni 3,500. Tarehe 1 Januari 1889, siku ya Mwaka Mpya, watu walikusanyika Rabai, na hati za uhuru zikaanza kutolewa. Watu waliowekwa huru kwa mapatano hayo walikuwa zaidi ya 1,400.

Katika vitabu vingi sifa ya siku ile huenda kwa Mackenzie, na twakubali kwamba alitenda jambo jema na la busara. Lakini fikirini. Fedha zile zililipwa kwa ajili ya watu waliokuwa wamekwisha kupokelewa. Kama mlango ungalifungwa mwaka 1880, au 1883, au mwaka ule wa Ikabodi, mwaka 1888 kusingalikuwa na mtu wa kulipiwa. Na utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukufutwa na sheria mpaka mwaka 1907, yaani miaka 18 zaidi.

Ndugu msikilizaji, siku hizi hatuoni tena mtoro wa jinsi ile akija kutoka Takaungu. Lakini twamjua msichana wa kazi ambaye mshahara wake wa miezi mitatu umezuiliwa na mama anayetoa sadaka ya shukrani kila Jumapili. Twamjua kijana aliyetoka gerezani, ambaye akiingia kanisani benchi lake hubaki na nafasi. Twamjua mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake, akaja kwa wazee wa kanisa, akaambiwa kwamba hayo ni mambo ya ukoo. Kila mmoja wa hawa ana mtu anayemdai, na kumpokea kwaweza kutugharimu kitu: maneno ya majirani, au urafiki wa mtu mkubwa anayetoa sana kwenye harambee. Hapo ndipo twaanza kusema kwamba jambo hili linahitaji kamati.

Hatusemi kamati ni mbaya. Twasema tu kwamba mwenye njaa hawezi kuingoja mpaka itakapokutana.

Mkipata nafasi ya kwenda pwani, pandeni hadi Rabai. Kanisa la Mtakatifu Paulo lingali limesimama, lililojengwa mwaka 1887. Upigeni hesabu mwaka huo na ule wa hati. Walioingia humo Jumapili za kwanza, wakakaa na watoto wao magotini, wengi wao kwa sheria ya siku zile walikuwa bado mali ya mtu. Waliokaa kando yao walilijua jambo hilo, wakasogea kuwapa nafasi.