Skuli za Mji wa Unguja

Mji wa Unguja ndio mji mkuu wa Zanzibar. Wenyeji wake hutenganisha *chuo*, anakosomeshwa mtoto Kurani, na *skuli*, iliyoletwa baadaye na wamisionari na serikali. Kwa muda mrefu chuo ndicho kilichokuwa na mizizi, na kila skuli iliyokuja ililazimika kuelewana nacho.

Chuo hakikuhitaji jengo. Chumba kimoja nyumbani kwa mwalimu, au baraza yenye kivuli, kilitosha. Mtoto alianza na alifu, be, te: aliandika kwa wino na kalamu ya mwanzi juu ya ubao, akaukosha, akaandika tena, mpaka akakhitimu na jamaa zake wakafanya karamu. Waliotaka kuendelea walikwenda kwa masheikh. Darsa za Sheikh Abdalla Bakathir (aliyefariki 1925), mtaani Ukutani, ziliwalea wanazuoni waliokuja kusomesha vizazi vilivyofuata.

Elimu ya misheni ilianza na watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Wavulana walisomeshwa Kiungani, kusini ya mji, hadi skuli yao ya Mtakatifu Andrea ilipohamishiwa Minaki, Tanganyika, katikati ya miaka ya 1920. Wasichana walikuwa Mbweni, katika shamba alilolinunua Tozer mwaka 1871. Mwalimu wao Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaishi hukohuko mpaka alipofariki mwaka 1926. Kuta za mawe za skuli yake zingali zimesimama, hazina paa, na matao ya madirisha yanatazama miti na bahari. Ni magofu yanayostahili heshima zaidi ya kupigiwa picha tu: wasichana walionyang'anywa makwao walijifunza kusoma hapa, na baadhi yao wakatoka walimu.

Serikali iliunda idara ya elimu mwaka 1907. Wazee wengi walisita kupeleka watoto, na hofu yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa skuli ilileta herufi za Kirumi mahali ambapo Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa za Kiarabu. Kusomeshwa Kurani ndani ya skuli ndiko kulikotuliza nyoyo. Skuli ya wasichana ya serikali ilifunguliwa mwaka 1927. Mwaka huohuo likaanza jarida la *Mazungumzo ya Walimu*, ambamo walimu wa Unguja waliandika kwa Kiswahili.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majina yalibadilika. Skuli ya sekondari ya King George VI ikaitwa Lumumba, na skuli ya sekondari ya wasichana ikaitwa Ben Bella. Zote mbili zinaendelea kusomesha. Tarehe 23 Septemba mwaka huo Rais Karume alitangaza elimu bila malipo, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka.

Vyuo havikufungwa. Mtoto wa zamu ya asubuhi akirudi skuli huvua sare, akala, na alasiri akavaa kanzu na kofia, akashika juzuu yake kwenda chuoni.