Sapatu ya Bibi: Ua Lililobakia Shina Moja

Leo hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za ua moja, na habari za watu walioling'oa hata likabakia shina moja tu lililojulikana katika nchi nzima. Kisha tutaona jinsi watu wa nchi ile walivyotaabika kulirudisha.

Nchi yenyewe ni Uingereza, upande wa kaskazini, katika mabonde ya Yorkshire na sehemu za jirani. Vilima vya huko ni vya mawe ya chokaa, na zamani palikuwa na misitu yenye kivuli chepesi. Katika misitu hiyo iliota okidi moja. Okidi ni jamii kubwa sana ya maua. Huku kwetu ziko zinazoota juu ya magome ya miti, na ziko zinazoota ardhini. Hii ninayoisema huota ardhini, kimo chake futi moja au zaidi, na majani yake ni mapana yenye mikunjo. Mwezi wa Mei au Juni hutoa ua lenye petali nyembamba za rangi ya hudhurungi, na katikati pana kitu cha manjano kilichotuna mfano wa ncha ya kiatu. Kwa hiyo Waingereza wakaliita kiatu cha bibi. Sisi tutaliita sapatu ya bibi, maana watu wa pwani huita sapatu kile kiatu chepesi cha kuvaa nyumbani. Mwaka wa 1753 mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliliandika kwa jina la Cypripedium calceolus. Neno lile la pili ni la Kilatini, maana yake kiatu kidogo.

Ua hili huota pia katika nchi nyingine za Ulaya na Asia, lakini leo tushike habari za Uingereza peke yake.

WALIVYOLING'OA

Mwaka wa 1629 John Parkinson, muuza dawa wa London aliyependa sana bustani, alitoa kitabu cha maua. Humo alieleza kwamba sapatu ya bibi huota katika msitu mmoja karibu na kilima cha Ingleborough. Tena alimshukuru bibi mmoja wa upande huo, Thomasin Tunstall, aliyekuwa akimpelekea mizizi yake London, wala si mara moja, nayo ikachanua vizuri bustanini mwake.

Bibi yule hakuwa na nia mbaya. Alimpa mtu zawadi, basi. Lakini baada yake walikuja wengine, na wengine tena. Huyu alichimba apande nyumbani kwake, huyu alichimba auze, huyu alichimba akaushe ua aliweke katika mkusanyo wake wa elimu. Kila mmoja aliona amechukua moja tu, na msitu ni mkubwa. Huku nyuma misitu nayo ilikatwa, na kondoo wakala machipukizi. Ilipofika mwaka wa 1917, wataalamu walisadiki kwamba ua lile limekwisha kabisa katika Uingereza.

Labda utauliza, msikilizaji: Mbona magugu tunayang'oa kila siku na hayaishi? Kwa nini ua hili lilikwisha? Jibu limo katika maisha yake lenyewe.

KAZI YA NYUKI

Mwaka wa 1862 Charles Darwin alitoa kitabu juu ya namna wadudu wanavyozisaidia okidi kuzaa. Kwa habari ya sapatu alidhani kwamba mdudu hukaa nje na kuingiza ulimi wake katika tundu. Rafiki yake wa Marekani, Asa Gray, alizichunguza okidi za jamii hiyo zinazoota kwao, akamwambia: Sivyo, mdudu huingia ndani akatokea upande mwingine. Darwin hakuona haya kusahihishwa. Alitia nzi ndani ya ua, hawakufaa. Kisha akatia nyuki mdogo wa porini. Nyuki yule akatafuta njia, akatokea kwa tundu la nyuma, mgongo wake umepakwa chavua, yaani ule unga wa kiume wa maua.

Mambo huwa hivi. Nyuki huvutwa na harufu na rangi, akidhani atapata maji matamu. Kumbe hamna kitu. Huanguka ndani ya sapatu, na kingo zake zinateleza, tena zimekunjwa kwa ndani, hata hawezi kurudi alikoingilia. Huona mwangaza upande wa nyuma, ambako pana vinyweleo vya kukanyagia kama ngazi. Akipanda, kwanza mgongo wake hugusa mahali ua linapopokea chavua. Ndipo hupenya katika tundu jembamba, na hapo hupakwa chavua mpya inayonata. Akidanganyika tena na ua la pili, huiacha humo chavua ya ua la kwanza.

Nyuki mkubwa mno hawezi kupita, na mdogo mno hupita bila kugusa. Basi ua hili lahitaji nyuki wa kadiri yake, tena lahitaji jirani. Shina likibaki pekee, nyuki hutoka na mzigo wake asiwe na pa kuupeleka.

MBEGU KAMA VUMBI

Tunda moja hutoa maelfu ya mbegu, lakini ni ndogo kama vumbi. Punje ya mahindi ina akiba ya chakula cha kumlea mche wake. Mbegu ya okidi haina. Mwaka wa 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba mbegu za okidi huota zikiingiwa na kuvu, ndugu wa uyoga, inayokaa udongoni na kuzilisha. Mbegu ikiikosa kuvu hiyo, hufa. Na ikiipata, mche hukaa kwanza chini ya ardhi, kisha huchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua.

Sasa umefahamu, msikilizaji. Aliyechimba shina la sapatu alitumia dakika tano. Kulilipa shina hilo ni kazi ya miaka, tena kazi ya nyuki, ya kuvu na ya udongo.

SHINA MOJA

Mwaka wa 1930 shina moja la sapatu lilionekana katika bonde moja la Yorkshire. Walioliona na wachache walioambiwa walifunga vinywa vyao. Kwa miaka mingi mahali pale palikuwa siri, na baadaye wakawekwa walinzi wakati wa kuchanua. Watu walifanya kwa mikono yao kazi ya nyuki.

Lakini kulinda si kuzidisha. Mwaka wa 1922 Mmarekani Lewis Knudson alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mbegu za okidi zaweza kuoteshwa katika chupa, bila kuvu, juu ya chakula laini chenye sukari. Mwaka wa 1983 wataalamu wa Bustani ya Kew, London, walianza kazi maalumu ya kuotesha okidi za kwao kwa njia ya namna hiyo. Kwa sapatu walitumia mbegu za shina lile, na za mimea michache ya bustanini iliyosadikiwa kuwa ya asili ya huko huko. Mwaka wa 1989 walianza kuirudisha miche porini. Ua la kwanza katika miche iliyorudishwa lilichanua mwaka wa 2000.

NA SISI JE?

Katika Nyanda za Juu za Kusini, Tanzania, uko uwanda wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Okidi za huko si sapatu, lakini mbegu zake nazo ni vumbi, nazo huitegemea kuvu. Viazi vyake vimechimbwa kwa wingi na kuuzwa hata Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Mwaka wa 2005 Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa. Mchimbaji wa viazi hivyo hana nia mbaya, kama bibi yule wa Ingleborough. Anatafuta fedha ya mahitaji yake. Lakini kiazi kikitoka, mmea umekwisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waingereza wanajenga ukuta hata leo, kwa gharama na kwa miaka. Sisi bado tuna ufa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini shina moja la sapatu haliwezi kuzaa kwa urahisi likiwa peke yake?

2. Ni mmea gani wa kwenu ambao wazee wanasema ulikuwa mwingi na sasa ni adimu? Ulipungua kwa sababu gani?

3. Mtu anayechimba kwa sababu ya shida asaidiwe vipi apate riziki bila kuumaliza mmea?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.