Bwana shamba aliyechora alama za miamba

Mtu akisimama mbele ya mchoro usio na mti, nyumba wala uso wa binadamu, swali lake la kwanza huwa: hiki ni kitu gani? Mzungu akichora hivyo, wahakiki husema amefikiri sana. Mtu mweusi akichora hivyo, huulizwa amemuiga nani. Leo, wasikilizaji, tumzungumzie mtu aliyeandamwa na swali hilo la pili, na jinsi alivyolijibu.

Aubrey Williams alizaliwa Georgetown mwaka 1926, wakati Guyana ilipokuwa koloni la Waingereza. Nchi hiyo iko bara la Amerika ya Kusini, lakini kwa historia ya utumwa na miwa watu wake ni ndugu wa watu wa visiwa vya Karibi. Williams alipenda kuchora tangu utotoni. Hata hivyo, kuchora hakukuwa kazi ya kumpatia mtu riziki, hivyo akasomea kilimo na serikali ikamwajiri kuwa bwana shamba.

Kazi hiyo ilimkutanisha na wakulima wa miwa waliobanwa na wenye mashamba makubwa. Williams akawatetea. Kwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, hilo halikuwa jambo dogo. Alihamishiwa mbali, Hosororo, katika misitu ya kaskazini-magharibi, na mwenyewe aliuona uhamisho huo kuwa adhabu.

Adhabu ikageuka shule. Kwa miaka 2 aliishi jirani na Wawarrau, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, akasikiliza jinsi wanavyozungumza juu ya rangi na maumbo. Zipo pia Guyana alama za kale zilizochongwa na kuchorwa kwenye miamba, ziitwazo timehri. Nyingi si picha ya kitu unachoweza kukitaja jina. Ni mistari, duara na mikunjo. Hapo ndipo Williams alipoanza kujitambua kuwa msanii.

Mwaka 1952 alikwenda Uingereza, na baadaye akasoma katika chuo cha sanaa cha St Martin's, London. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi zake zilionyeshwa katika ukumbi wa New Vision Centre na zikasifiwa. Ni katika miaka hiyo ambapo mwandishi Albert Camus alimkutanisha na Picasso. Kwa masimulizi ya Williams mwenyewe, mzee huyo alimtazama akasema ana kichwa kizuri cha Kiafrika, angependa kukichora. Hakumwuliza lolote juu ya kazi yake. Williams alikwenda kukutana na mchoraji mwenzake, akajikuta amegeuzwa kitu cha kuchorwa.

Miaka ya 1960 iliposonga, sifa za London zikapungua na wahakiki wakanyamaza. Mwaka 1966, mwaka ule ule Guyana ilipopata uhuru, waandishi Edward Brathwaite, John La Rose na Andrew Salkey walianzisha London Umoja wa Wasanii wa Karibi, na Williams akawa mmoja wa nguzo zake. Brathwaite huyo ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Kamau, jina alilopewa Limuru, Kenya, mwaka 1971, nyumbani kwa kina Ngũgĩ wa Thiong'o.

Lakini hata miongoni mwa ndugu zake hakusalimika. Wapo walioshikilia kwamba mchoraji wa taifa changa achore maisha ya wananchi ili wananchi wamwelewe. Katika mkutano wa umoja huo mwaka 1967, Chuo Kikuu cha Kent, Williams alilikataa wazo hilo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifuata: sanaa ya kale ya kwao haikuwa ya kusimulia hadithi kwa picha. Basi anayechora mistari na rangi tupu hajaiga Ulaya wala Marekani, amerudi kwao.

Mcheza kwao hutunzwa. Mwaka 1970 Williams alichora kuta za kiwanja cha ndege cha Timehri, karibu na Georgetown, kiwanja kilichokuwa na jina la zile alama za miamba. Msafiri aliyeingia nchini alikutana na michoro ya bwana shamba wa zamani.

Hakubaki hapo. Kuanzia 1969 hadi 1981 alichora mfululizo mkubwa kutokana na muziki wa Mrusi Dmitri Shostakovich, akitafuta rangi za kile alichokisikia. Kisha, kati ya 1981 na 1985, aligeukia Waolmeki na Wamaya, mataifa ya kale ya Amerika yaliyojenga makubwa kisha yakaanguka. Bwana shamba huyo aliyejua maana ya udongo kuchoka alitaka tuitazame miji yetu wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1989, msanii Rasheed Araeen aliandaa katika ukumbi wa Hayward, London, maonyesho makubwa ya wasanii wa Kiafrika, Kikaribi na Kiasia walioachwa nje ya historia ya sanaa ya Uingereza. Williams alikuwamo. Maonyesho yalifungwa mwanzoni mwa 1990, na tarehe 17 Aprili mwaka huo akafariki dunia. Heshima ya maonyesho yake peke yake katika ukumbi wa Whitechapel ilikuja mwaka 1998, yeye akiwa kaburini miaka 8.

Wasikilizaji, vijana wetu wanaochora bado huambiwa wachore kile mgeni anachotarajia kukinunua, la sivyo wataitwa waigaji. Anayewaambia hivyo, awe mgeni au mwenyeji, kwanza aulizwe kama amewahi kuitazama miamba ya kwao.