Maji ya Sebeya na Mizani ya Madini

Historia ya madini nchini Rwanda imezoeleka kusimuliwa kwa tani. Kampuni za bati za enzi ya Wabelgiji, Minétain na Somuki, zilihesabu mzigo uliosafirishwa. Somirwa, iliyozaliwa mwaka 1973, ilihesabu hivyo hivyo mpaka ikafilisika mwaka 1985, bei ya bati ilipoporomoka duniani. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipopaa, magunia ya koltani, mawe yenye tantali, yakavuka mpaka kati ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, na mabishano yaliyofuata, hata katika ripoti za Umoja wa Mataifa, yalihusu nani anatajirika na nani ananunua silaha za vita vya Kongo. Yalikuwa maswali ya haki. Lakini historia ya namna hiyo haimwoni mtu aliyeosha yale madini, wala aliye chini ya mto anayekunywa maji yaliyotumika kuyaoshea. Naamini pengo hilo linazibika, na ushahidi wa kulizibia umo katika mkojo wa watu wenyewe.

Sebeya unateremka kutoka milima ya Rutsiro, upande wa msitu wa Gishwati, unapita Rubavu na kuingia Ziwa Kivu. Huko juu wachimbaji wanatafuta gasegereti, yaani mawe ya bati, na koltani kwa sururu na koleo. Udongo unamwagwa kwenye mfereji wa maji, mtu anaukoroga akiwa amezama hadi magotini, punje nyeusi nzito zinatulia chini, na tope jepesi linakwenda na mkondo. Tope hilo ndilo linalofika Gihira, kwenye mtambo unaosafisha maji ya mji wa Gisenyi, na limewahi kuuzidi nguvu hadi ukasimamishwa. Watu wanalilalamikia kwa kuwa wanaliona. Arseniki na metali ya risasi, zinazoweza kuwamo ndani yake, hazionekani. Maji yanaweza kutulia kwenye ndoo yakawa maangavu na bado yakazibeba.

Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, walipima jinsi metali za namna hii zinavyoingia miilini mwa watu. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akishirikiana na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, alichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa watu 351. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Waliokutwa nayo hawakuwa wafanyakazi wa kiwandani, bali watu wanaoishi jirani na migodi na mitambo ya kuyeyushia. Mwaka 2018 watafiti hao na wenzao walieleza habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba mashimo ndani ya nyua na chini ya sakafu za nyumba zao. Watoto wa mtaa huo ndio walioonekana kuathirika zaidi, hata chembe zao za urithi zikiwa na dalili za kuharibika. Mwaka 2020 ukafuata utafiti wa watoto wachanga wa Lubumbashi: baba aliyefanya kazi ya madini alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba Rubavu si Katanga, na kwa sehemu ana haki. Gasegereti na koltani haziyeyuki majini kwa urahisi kama kobalti. Ila hazitoki ardhini peke yake: koltani huwa na chembe za urani na thori, na miamba yenye bati mara nyingi ina arseniki. Pingamizi zito zaidi ni volkano ya jirani, Nyiragongo. Moshi wake hubeba metali na florini, si siku za mlipuko tu kama ule wa tarehe 22 Mei 2021, kwa hiyo mtu atauliza utatenganishaje cha volkano na cha mgodi. Jibu liko katika njia ya Katanga yenyewe, ambako wakazi wa karibu na migodi walilinganishwa na watu wa eneo lisilo na migodi. Hapa makundi yangekuwa matatu: waoshaji wa Rutsiro, wanywaji wa maji ya Sebeya mjini, na wakazi wa kilima kinachopata moshi ule ule lakini hakina mgodi. Anayesema uchimbaji unalisha familia anasema kweli. Familia hizo ndizo za kwanza kustahili kujua kilichomo miilini mwao.

Kinachohitajika ni chupa safi, maabara na ridhaa ya watu. Chuo Kikuu cha Rwanda na hospitali ya Gisenyi waanze na waoshaji.