Hodi Kizingitini: Adabu za Mgeni katika Historia ya Pemba

Mmarekani anayejitayarisha kwenda Moscow, au mji mwingine wowote wa Urusi, hupewa maonyo mengi kabla ya kufunga mizigo yake. Huambiwa avue viatu aingiapo nyumbani mwa mtu. Huambiwa asimpe mwenyeji mkono juu ya kizingiti, bali avuke kwanza ndipo wasalimiane. Tena huambiwa kwamba, kama atachukua maua ya zawadi, hesabu yake na iwe witiri, kwa kuwa shufwa ni hesabu ya maua ya maziko. Mzee wa Wete au wa Chake Chake akisomewa maonyo hayo barazani hatayastaajabia sana. Viatu yeye huvivua mlangoni kila siku, na kizingiti hukiheshimu tangu utoto wake. Pengine atauliza jambo moja tu: Je, huyo mgeni anayekuja kwetu naye hufundishwa na nani?

Swali hilo lastahili jawabu, na jawabu lake limo katika historia. Mtu aweza kuandika orodha ya mambo ya kufanya na ya kuacha, na mgeni akaikariri yote, lakini asijue kwa nini mwenyeji amenuna. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba adabu za ugeni katika kisiwa cha Pemba zina sababu zake katika mambo yaliyowapata wenyeji kwa wageni wao kwa muda wa zaidi ya miaka elfu. Na kwamba katika neno moja dogo, hodi, mna kipimo ambacho kwacho yafaa kuwapima wote waliofika katika pwani ile, wafanyabiashara, watawala na watalii.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Mgeni afikapo kwenye nyumba husimama nje, kando kidogo ya mlango ili macho yake yasiingie kabla ya miguu yake, akapiga hodi. Asipojibiwa hupiga ya pili, kisha ya tatu. Kama ya tatu nayo haina jawabu, huenda zake bila kinyongo, kwa maana mwenye nyumba ana haki ya kutokuitikia. Desturi hii imetiwa nguvu na dini. Sura ya 24 ya Kurani imewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu watu wake, na imewaamuru kurudi wakiambiwa rudini. Basi hodi ni ombi, na karibu ni ruhusa. Anayesema hodi huku amekwisha kuingia hakusema kitu.

Wageni wa kale kabisa ambao habari zao zimeandikwa walikuwa watu wa bahari na biashara. Al-Masudi, mwandishi mashuhuri wa Baghdad, alisafiri katika bahari ya Zanji, na safari yake ya mwisho kutoka kisiwa alichokiita Kanbalu hadi Omani ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, yaani 916 au 917. Wataalamu wengi huona kwamba Kanbalu ilikuwa Pemba, na hutaja magofu ya Ras Mkumbuu. Karne tatu baadaye Yakut, mtunzi wa kamusi kubwa ya nchi na miji, alikiandika kisiwa kwa jina la Kiarabu lenye maana ya Kisiwa cha Kijani. Na mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, karibu na Wete, ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Sarafu hizo zatuonyesha kwamba, yapata miaka elfu iliyopita, Pemba ilikuwa na mji uliozoea wageni.

Biashara ya namna hiyo haikuwezekana bila ya adabu. Mfanyabiashara aliyekuja na pepo za kaskazi alipaswa kungoja kusi ili arudi kwao, na miezi hiyo yote alihitaji mahali pa kulala, mtu wa kumdhamini, na ulimi wa kumsemea. Mwenyeji naye alihitaji bidhaa na habari za dunia. Kila mmoja alimhitaji mwenziwe, na hapo ndipo ilipo maana ya ile methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huelezwa mara nyingi kuwa ni ya ukarimu peke yake, lakini mimi naona ni ya mkataba: mgeni ana kitu alicholeta, na mwenyeji ana kitu cha kupona.

Mkataba una pande mbili, kwa hiyo mwenyeji naye huweza kuuvunja. Wapemba hawakumsahau Mkama Ndume, mtawala wa Pujini, ambaye ngome yake ya karne ya 15 ingaliko magofu. Masimulizi husema kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi vichwani huku wakijikokota kwa makalio, na jina lake hufasiriwa kuwa mkamuaji wa wanaume. Yawezekana kwamba masimulizi yameongeza chumvi. Lakini watu hawakuhifadhi habari za fahari yake tu. Walihifadhi pia jinsi alivyowadhalilisha waliokuwa chini ya mamlaka yake. Heshima ya mlango mkubwa haimwondolei mwenye mlango wajibu wake.

Kisha wakaja wageni wasiopiga hodi. Mwaka 1510 Mreno Duarte de Lemos alipita katika visiwa hivi akidai ushuru kwa ajili ya mfalme wake. Watu wa Pemba walikimbilia Mombasa, na mali waliyoiacha ikatekwa. Mamlaka ya Wareno katika pwani hii yalidumu, kwa kupanda na kushuka, mpaka Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698. Hapa pana jambo la ajabu. Pemba una mchezo wa ng'ombe, unaochezwa Kengeja na vijiji vingine, na wengi husema ni masalio ya Wareno, ingawa hakuna hati iwezayo kutukatia shauri. Kama ni kweli, basi wenyeji waliutia adabu yao: ng'ombe huchokozwa, hukimbiwa, husifiwa kwa nyimbo, wala hauawi. Mgeni mwenye nguvu alikwenda zake, na alichokiacha kikafundishwa tabia za nyumba.

Yuko pia mgeni aliyeitwa na wenyeji wenyewe. Wapemba walipochoshwa na utawala wa Mazrui wa Mombasa, walipeleka wajumbe Maskati kuomba msaada, na katika miaka ya 1822 na 1823 majeshi ya Sayyid Said yaliwatoa Mazrui kisiwani. Hodi ilipigwa na karibu ikaitikiwa. Lakini methali nyingine yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na katika Pemba jembe lilipotolewa, halikushikwa na yule aliyekaribishwa. Mikarafuu ikapandwa, mashamba yakaenea, na watu wa bara wakaletwa kwa maelfu kuyalima. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ambapo ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu, na haja ya mikono ikazidi.

Katika habari za ugeni, watumwa hao husahauliwa. Wao hawakupiga hodi, wala hawakuingia kwa jeuri. Walisukumwa mlangoni na mikono ya wengine. Hakuna aliyewauliza wanatoka wapi kwa nia ya kuwajua, ambalo ndilo swali la kwanza la ukarimu. Kwa kipimo cha hodi, dhambi ya utumwa ni kubwa kuliko ya mvamizi, maana mvamizi huvunja mlango wa nyumba, na mtumwa huvunjiwa mlango wa nafsi yake. Mtu anayesifu ukarimu wa visiwa hivi bila ya kulitaja jambo hili amesifu sebule na kuufumbia macho ua.

Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hali ya utumwa katika sheria za Zanzibar. Mwaka huo huo Wakweka wa Uingereza, wakiongozwa na Theodore Burtt, walianza misheni Pemba na kununua shamba la Banani, si mbali na Chake Chake, ili waliopata uhuru wapate kazi ya ujira. Waliobatili dini yao kwa ajili ya wageni hao walikuwa wachache, kwani kisiwa kilibaki cha Kiislamu; hata hivyo kazi yao iliachwa iendelee. Mgeni aweza kukaribishwa kwa kazi yake bila ya kufuatwa katika imani yake, na hiyo nayo ni adabu. Pamoja nao walikuja wageni wa kila msimu, wachumaji wa karafuu kutoka Unguja na bara, waliolipwa kwa pishi, wakalala katika vibanda vya mashamba, wakala na wenyeji, na baadhi yao wakaoa na kubaki. Nadhani wachumaji hawa, ambao vitabu havikuyaandika majina yao, ndio waliowafundisha Wapemba ugeni wa kila siku kuliko mabalozi wote.

Yafaa tukumbuke kwamba katika miaka hiyo hiyo Mswahili naye alikuwa mgeni wa watu wengine. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani, Dokta Bumiller, mpaka Urusi na Siberia; na habari za safari hiyo, zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili juu ya nchi za mbali. Hakuwa na kitabu cha kumwonya juu ya vizingiti wala maua. Alikuwa na macho yake, na malezi ya pwani yaliyomfundisha kuangalia kwanza watu wanaishije. Msomaji wa leo atafaidika akiyasoma maandishi yale kwa kujiuliza: mtu huyu aliombaje kukaribishwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimtazamia?

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wageni wa ng'ambo waliofika Pemba kwa matembezi walikuwa wachache kwa muda mrefu. Waliofika kwa kazi walijulikana kwa kazi zao, kama madaktari wa Kichina ambao timu zao zimekuwa zikija Zanzibar tangu mwaka huo, na ambao wametumikia hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Siku hizi watalii wanaongezeka. Huja kwa boti na kwa ndege, wakitafuta matumbawe, msitu wa Ngezi, na pwani tulivu. Kwao maonyo yetu si mengi, na kila moja lina sababu iliyokwisha kutajwa.

Na wapige hodi, wangoje. Kamera nayo ina kizingiti: anayempiga mtu picha bila ya kumwomba ameingia bila ya hodi. Wamwamkie mzee kwa shikamoo kabla ya kumwuliza njia, kwa kuwa katika Pemba salamu hutangulia haja. Mavazi yao yasitiri mwili mjini na vijijini, hata kama hotelini pana desturi nyingine. Wanawe mikono iletwapo birika na beseni, wale kwa mkono wa kulia, na wasikatae chakula kwa neno kavu. Tonge moja lenye shukrani latosha. Katika mwezi wa Ramadhani wasile wala kunywa hadharani mchana, na wakialikwa kufuturu, wajue kwamba wamepewa heshima. Mgeni mwanamume aridhike na baraza, asiulize habari za ndani. Na wenyeji nasi tuna letu: tusimfanye mgeni kuwa mfuko wa fedha wenye miguu, maana hapo tutakuwa tumemkama kama Mkama Ndume.

Wavuvi wa Pemba husimulia habari za kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake. Walii mmoja, Hadhara, aliwatokea wavuvi akawaomba msala ili asali. Hawakuwa nao. Basi akasema kwamba kisiwa chenyewe, kwa vile kilivyoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Na ndipo kilipopata jina. Mwaka 1998 Misali iliwekwa chini ya hifadhi, na mafundisho ya dini juu ya amana ya viumbe yametumiwa kuwaeleza wavuvi sababu za kuitunza.

Katika kisa hicho mgeni aliomba, na wenyeji hawakuwa na cha kumpa. Hakukasirika wala hakuchukua kwa nguvu. Alitazama alipokuwa amesimama, akapaona kuwa mahali pa ibada. Wengi wamekanyaga ardhi ya Pemba tangu siku za al-Masudi, na wengi wao waliona tu kile walichokuja kukichukua. Mgeni atakayevua viatu Misali, au mlangoni mwa kibanda chochote cha makuti kutoka Kigomasha hadi Kengeja, amekiri kwamba mahali hapo pana wenyewe. Akikiri hivyo, karibu ataisikia kabla ya hodi ya tatu.